DB5 ya LEGO imekosea wapi? Weka rula chini kwanza

Ukiwakuta wapenzi wa magari ya LEGO wanabishana kuhusu Aston Martin DB5, subiri kidogo tu, utasikia neno "skeli". Haiko kwenye skeli, atasema mmoja: pua nene, paa limekaa kama kofia ya kuazima. Mwingine atajibu kwamba amepima mwenyewe na kila kitu kiko sawa, kwa hiyo wanaolalamika wana macho mabovu. Hapo desimali zinaanza kuruka.

Mimi naona wote wawili wana haki. Gari limetoka vibaya, hilo halifichiki. Na vipimo vyake viko sawa, hilo nalo halifichiki. Tatizo ni kudhani kwamba hayo mawili hayawezi kukaa nyumba moja.

Kwa wewe usiyefuatilia mambo haya: DB5 ni seti namba 10262, ilitoka mwaka 2018 ikiwa na vipande 1,295. Inaiga gari la Kiingereza lililotengenezwa kati ya 1963 na 1965, likajulikana dunia nzima baada ya Sean Connery kuliendesha kama James Bond kwenye filamu ya Goldfinger ya 1964. Mwaka 2019 kampuni hiyohiyo ya Denmark ikatoa Ford Mustang ya 1967, seti namba 10265, vipande 1,471. Zote mbili zilianza kuuzwa Marekani kwa bei kama dola 150. Zote mbili zina urefu wa sentimita 34. Mustang ikapokewa kwa shangwe, DB5 ikapokewa kwa kejeli. Ukiwa mtu wa maabara unafurahi hapo, maana karibu kila kitu kimelingana isipokuwa matokeo.

Haya, lete rula. DB5 halisi ina urefu wa mita 4.57, upana wa mita 1.68 na kimo cha mita 1.34, kwa kukadiria. Modeli, kwa vipimo anavyotoa mtengenezaji, ina sentimita 34 kwa 12 kwa 10. Ukigawanya unapata 13.4 kwa urefu, 14.0 kwa upana na 13.4 kwa kimo. Yaani ni modeli ya 1 kwa 13 na ushee, na tofauti kati ya pande zake ni ndogo sana. Sasa Mustang: gari halisi ni mita 4.66 kwa 1.80 kwa 1.31, modeli ni sentimita 34 kwa 14 kwa 10. Unapata 13.7, 12.9 na 13.1. Umeona? Kipenzi cha watu ndiye aliyepotoka zaidi. Mustang imenenepa kwa upana, na hakuna aliyesema kitu.

Ila usikimbilie kutangaza kwamba DB5 imeshinda kwa skeli. Sentimita 10 ya mtengenezaji ni namba iliyokatwa, na kwa kawaida huandikwa kwamba modeli ina "zaidi ya" kipimo hicho. Kimo kinaweza kuwa 10.1, kinaweza kuwa 10.9. Kwa DB5 hiyo peke yake inatosha kuisogeza skeli kutoka 13.3 hadi 12.3. Mtu anayechukua namba yenye tarakimu mbili, anaigawanya, kisha anapigania desimali ya jibu, angekatwa maksi kwenye fizikia ya kidato cha kwanza. Tunachoweza kusema kwa haki ni kwamba kwa vipimo vikubwa vya nje magari haya mawili hayatofautiani vya kutosha kueleza kwa nini moja linapendwa na lingine linachekwa. Sababu iko kwingine.

Naanzia kwenye tofali lenyewe. Vile vinundu vya juu vimeachana milimita 8 kutoka kati hadi kati. Kipande bapa, kile chembamba, kina unene wa milimita 3.2, na vitatu vikibebana vinafikia kimo cha tofali, milimita 9.6. Modeli yote imejengwa kwa hatua hizo. Kwenye skeli ya 1 kwa 13.5, kinundu kimoja ni sawa na sentimita 10.8 za gari halisi, na kipande bapa ni sentimita 4.3. Ni kama picha ya simu yenye pikseli chache: kitu kipo mahali pake, lakini mstari laini unageuka ngazi. Wajenzi wanajua hila za kugeuza matofali yalale ubavu ili hatua ile ndogo ya 3.2 itumike hata kwa upana, na hila hizo zinasaidia sana. Hata hivyo ngazi inabaki ngazi.

Sasa, ngazi hizi zinaumiza umbo gani? Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Fred Attneave, alitoa mchoro mmoja ambao mpaka leo unatumika kufundishia. Alichukua umbo la paka aliyelala, akachagua nukta 38 pale ambapo mstari wa mwili unapinda kwa nguvu zaidi, akaziunganisha kwa mistari iliyonyooka. Paka akabaki paka. Unamtambua mara moja, masikio, mgongo, mkia, ingawa hakuna hata mstari mmoja uliopinda. Hoja yake ilikuwa kwamba habari kuhusu umbo haijagawanyika sawasawa: imejazana kwenye kona na mikunjo, na sehemu ndefu iliyo laini haisemi mengi.

Mustang ya 1967 ni paka wa Attneave mwenye magurudumu. Ina pua yenye ukingo mkali, mkunjo mrefu ubavuni, pango la hewa mbele ya gurudumu la nyuma, paa linaloshuka karibu moja kwa moja hadi mkiani, na taa za nyuma tatutatu zilizosimama wima. Kona tupu! Ukiziweka kona hizo mahali pake, unaweza kujaza kati yake kwa matofali yaliyonyooka na jicho litakusamehe. Hata upana uliozidi halitauona, kwa sababu lilishajiridhisha.

DB5 haina kona nyingi hivyo. Mchoro wake ulitoka Touring, mafundi wa bodi wa Milan, Italia, na ulijengwa kwa mfumo wao wa Superleggera: fremu ya mabomba membamba inayofunikwa na mabati ya aloi ya alumini. Bati la namna hiyo unaweza kulifinyanga karibu upendavyo. Linapinda kwenda mbele na papo hapo linapinda kwenda ubavuni, polepole, bila mahali pa kusema "hapa ndipo boneti inaishia na madigadi inaanza". Uzuri wa gari uko palepale pasipo na kona. Ukimpa Attneave gari hili achague nukta zake 38, atapata za grili, ile mafundi wetu wanaiita shoo, na za taa na kingo za vioo, kisha atabaki na eneo kubwa la bati lisilo na nukta hata moja, na ndilo eneo linaloifanya DB5 iwe DB5.

Hapa hisabati inaingia kwa uzito wake. Chukua karatasi, ikunje iwe bomba: rahisi. Sasa jaribu kuikunja hiyohiyo ifunike chungwa. Itajikunyata au itachanika. Carl Friedrich Gauss alithibitisha mwaka 1827 kwa nini lazima iwe hivyo: kuna kipimo cha mpindo ambacho uso unabaki nacho hata ukiukunja vipi, ilimradi huunyooshi wala kuuchana. Karatasi ina sifuri, chungwa halina sifuri, basi hawakutani. Ndiyo maana hakuna ramani bapa ya dunia isiyodanganya mahali fulani, na ndiyo maana fundi anayenyoosha bodi hagongi tu bati likunjike, analigonga litanuke.

Vipande vingi vya LEGO vyenye mgongo wa mviringo ni watoto wa karatasi ile. Vinapinda upande mmoja tu, kama kipande cha bomba kilichokatwa. Ukivipanga safu kwa safu kutengeneza boneti ya DB5, kila safu peke yake ni laini na inapendeza, lakini safu ya jirani lazima ikae chini zaidi kidogo ili kufuata mpindo wa pili, na kwa kuwa "kidogo" ya LEGO ni milimita 3.2, unapata mtaro. Pua unayoona kwenye seti ile ni mitaro iliyopangwa kwa uangalifu mkubwa. Vipo vipande vinavyopinda pande mbili, ila ni vichache na saizi zake ni chache, huwezi kuvitandaza kwenye boneti nzima.

Utaniuliza, mbona Volkswagen Beetle ya 2016, seti namba 10252, imependwa, na gari lile ni mayai matupu? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba Beetle ni mviringo wa kubana, na mviringo wa kubana una alama. Halafu, na hili naona halisemwi vya kutosha, Beetle halisi ina madigadi yaliyofungwa kwa bolti. Ni vitu tofauti na mwili, na mstari unaovitenganisha unaonekana kwa macho. Kwenye modeli, mwanya kati ya kipande na kipande umeangukia palepale ambapo gari halisi lina mwanya. Jicho linaona mstari na kusema sawa, huo naujua. Kwenye DB5, kila mwanya wa modeli umeangukia mahali ambapo gari halisi ni bati moja lisilokatika. Mwanya uleule, hukumu tofauti.

Tukiwa kwenye Beetle, ukijaribu kupata skeli yake kwa vipimo vya mtengenezaji, urefu unakupa 1 kwa 14 na kimo kinakupa 1 kwa 10. Usishtuke. Juu ya paa kuna ubao wa kuteleza kwenye mawimbi na kasha la vinywaji, nao wamepimwa.

Rangi nayo ina lawama yake. DB5 ya Bond ilikuwa na rangi ya fedha inayong'aa, na mng'ao ndio unaoliambia jicho jinsi bati linavyopinda: mstari wa mwanga unapita boneti nzima bila kukatika. Plastiki ya kijivu haifanyi hivyo. Inafanya kinyume chake, kwa sababu kila mwanya unaonekana kama mstari mweusi juu ya uso mweupe-mweupe. Mustang ni ya buluu iliyokolea, mianya yake imezama kwenye rangi, na juu yake imepakwa mistari mirefu miwili myeupe inayovuta jicho kutoka pua hadi mkia. Ni ujanja, na ni ujanja halali.

Wapo wanaosema dawa ni kuongeza ukubwa. Jengeni DB5 mara mbili ya hiyo, ngazi zitakuwa nusu. Kweli kabisa, lakini piga hesabu ya gharama. Ukizidisha urefu mara mbili, eneo la kufunika linazidi mara nne na ujazo mara nane. Gari la sentimita 68, kwa ngozi yake peke yake, linataka vipande kama mara nne. Uzito nao unaelekea mara nane wakati sehemu zinazoubeba, zile maungio, zimeongezeka mara nne tu, kwa hiyo ndani lazima uongeze mifupa. Na baada ya yote hayo hatua yako bado ni zaidi ya sentimita 2 za gari halisi, mtaro bado upo. Umenunua pikseli nyingi zaidi, tatizo la karatasi na chungwa hujaligusa.

Ajabu ni kwamba kwenda chini ndiko kulikosaidia. Mwaka 2022 ilitoka DB5 ndogo kwenye mfululizo wa Speed Champions, seti namba 76911, vipande 298. Magari ya mfululizo huo tangu 2020 yana upana wa vinundu 8, yaani milimita 64, ambayo kwa DB5 ni kama 1 kwa 26. Ndani anakaa mtu mdogo wa LEGO mwenye kimo cha sentimita 4. Kama huyo ni mwanaume wa kimo cha mita 1.75, yeye yuko kwenye skeli ya 1 kwa 44. Skeli mbili kwenye boksi moja, na moja karibu ni mara mbili ya nyingine! Mbona hakuna anayepiga kelele? Kwa sababu kwa ukubwa ule jicho halitarajii mpindo wa boneti. Linatarajia shoo, taa mbili za mviringo na mkia unaoshuka, na hayo limepewa. Modeli kubwa inaahidi zaidi, basi inadaiwa zaidi.

Nimebakiza hoja moja, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote dhidi ya waliochora seti ile. Bati la gari halisi halifiki unene wa milimita 2. Ukuta wa tofali wa kinundu kimoja, kwa skeli ile, ni sawa na bati lenye unene wa karibu sentimita 11. Gari la matofali linaanza likiwa limevaa koti la baridi. Nguzo ya kioo cha mbele ukiijenga kwa kinundu kimoja tayari ni nene kama nguzo ya nyumba. Sasa ndani ya koti hilo ongeza mitambo: bunduki zinazochomoza mbele, visu vya magurudumu, namba za gari zinazozunguka, ngao inayoinuka nyuma ya kioo, na kiti cha abiria kinachorushwa kupitia paa. Vyote vinafanya kazi, na uhandisi wake unafurahisha. Lakini kila mtambo unataka fimbo, mhimili na nafasi ya kucheza, na nafasi hiyo inatoka mahali pamoja tu, kwenye ngozi. Ngozi inasukumwa nje, inakuwa tambarare, inapoteza ile nafasi ndogo ambayo mjenzi angeitumia kuficha ngazi moja chini ya nyingine. Mustang nayo ina vikorombwezo vyake, usukani unaogeuza magurudumu na mkia unaoinuka, ila vingi vimekaa chini au kwenye injini. Boneti ilibaki huru.

Kwa hiyo anayesema DB5 haina uhalisia inabidi aulizwe uhalisia upi. Kama ni wa gari la Touring, ni kweli, haupo. Kama ni wa gari la kwenye filamu, lenye siri zake zote, basi hakuna gari la matofali la ukubwa ule lililobeba zaidi. Waliochora walichagua filamu, na huo ni uchaguzi unaoheshimika. Nisichokubali ni kwamba walichagua filamu yote. Mtu akilitazama gari hili kwa sekunde tatu anaona pua, na bunduki ziko puani. Ningekuwa mimi, bunduki ningeziacha, na visu vya magurudumu ningeviacha pia, boneti ipate nafasi ya kulala. Kiti kingebaki.